Jina kwenye Tangi, X Mlangoni

Hebu niambie wewe unayesoma: umewahi kuona mji unaoandika jina la mtu kwenye tangi la maji, herufi za buluu zinazosomeka tangu barabara kuu, halafu mji huohuo ukapuliza alama ya X kwenye mlango wa nyumba aliyozaliwa mtu huyo, ili tingatinga lisije likapotea njia? Hujauona? Basi karibu Loomis Ford, Alabama. Pita kiwanda cha kuku, kile kilichoninyima kazi kwa sababu, nanukuu, nimesoma kupita mahitaji yao, sori sana. Kata kushoto Mtaa wa Jineri. Ukiona benchi refu la kanisani limewekwa nje ya gereji ya matairi, simama. Umefika.

Benchi lilitupwa kanisa liliponunua viti vyenye mito, Karanga akaliokota. Karanga ndiye mwenye gereji. Jina hilo kapewa kwa umbo la kichwa chake, na wateja wengi hawajui kwamba anaitwa Clyde Ansley. Pembeni yake hukaa Shemasi, Rufus Goolsby, mstaafu wa kiwanda cha karatasi, mtu ambaye sala yake ya kubariki chakula huwa inapoza chakula. Mwisho wa benchi ni Meja. Meja hakuwahi kuwa meja. Alikuwa mpishi jeshini, ila cheo kilimkaa vizuri, akakivaa mpaka leo. Na mimi, wananiita Digrii, na hawaniiti hivyo kwa heshima. Kahawa yetu hutoka kwenye birika kubwa la umeme lenye koki, mali ya kanisa, ambalo Shemasi aliliazima kwa ajili ya msiba mmoja wa zamani na bado anaendelea kuliazima.

Mbele yetu, ng'ambo ya barabara, ndiyo nyumba yenyewe. Nyembamba kama behewa, vyumba vitatu mstari mmoja, ukisimama mlango wa mbele unamwona kuku aliyesimama mlango wa nyuma. Humo ndimo alimozaliwa Vashti Mabry. Vitabu vyake vinasomwa na watoto wa shule hata kwenye nchi ambazo makamishna wetu wa kaunti hawawezi kuzionyesha kwenye ramani. Familia yake ilihamia Detroit yeye akiwa binti mkubwa, nyumba ikageuzwa stoo ya mbegu za pamba, ikaachwa, kaunti ikaichukua kwa kodi, na kaunti ikishachukua kitu mtaani kwetu hukitunza kwa kukisubiri kianguke. Hii ilikataa kuanguka. Ndiyo maana ikapigwa X.

Ilikataa kuanguka kwa sababu ya mtu mmoja, Bi Ozella Tarpley.

Bi Ozella ni mwenyekiti wa Klabu ya Akina Mama ya Nyota ya Asubuhi, na tafadhali usilidharau neno klabu. Klabu hiyo ndiyo iliyowanunulia watoto weusi wa mji huu vitabu enzi ambazo maktaba ilikuwa haituruhusu hata kukanyaga ngazi zake. Mikutano yao ni ya kofia na glavu nyeupe, na mwenye kuchelewa husikiliza akiwa amesimama. Zamani walijaza ukumbi. Siku hizi wamebaki wachache mno, na baadhi yao hawatoki kitandani. Yeye hufungua mkutano vilevile, husoma majina yote, na jina likiwa la marehemu hujibu mwenyewe: ametoa udhuru.

Aliwafundisha darasa la pili watu wote wa benchi letu isipokuwa mimi, ndiyo maana akipita hata Meja hukunja miguu. Kila Ijumaa hukaanga kambale akauza sahani na kachumbari ya kabichi, na kambale hao ndio walioezeka upya paa la nyumba ile. Kila Jumamosi huufagia ua wake kwa ufagio wa vijiti mpaka udongo unang'aa bila unyasi hata mmoja, kama mama zetu walivyofagia. Na mwezi uliopita alisimama kwenye kikao cha makamishna, akasema nyumba ya Vashti isiguswe. Mwenyekiti wa makamishna akacheka kwa adabu, akasema mbele ya watu wote: mkaguzi wa majengo ya kale akija kutoka Montgomery, akathibitisha kwamba ndani bado ni kama ilivyokuwa zama za Mabry, kaunti itatia saini ilindwe. Asipothibitisha, ibomolewe. Alisema hivyo kwa sababu alidhani hakuna mkaguzi atakayekuja huku kwetu.

Mkaguzi akakubali kuja. Ijumaa.

Sasa nikupeleke Alhamisi, siku moja kabla. Nilikuwa nimetoka Birmingham kwenye usaili wa kazi, mwingine wa kuombwa nisubiri simu. Nilifika kijiweni asubuhi, vumbi la njano la misonobari limelala juu ya kila kitu, hata juu ya kofia ya Meja. Nikakuta watu wazima watatu wamekaa kimya. Kijiwe chetu kikiwa kimya, ama kuna aliyekufa ama kuna aliyefanya ujinga. Nikauliza nani amekufa.

Karanga akaniambia hakuna. Nikajua basi ni ujinga.

Ilichukua kikombe kizima kuutoa. Bi Ozella alikwenda Montgomery kwenye mkutano mkuu wa klabu za jimbo, kuomba klabu nyingine zimsimamie. Akamwachia Shemasi ufunguo, kwamba afungue madirisha nyumba ipate hewa. Shemasi akafungua madirisha. Akaingia Karanga kuona madirisha yanavyofunguliwa. Akaingia Meja kumwona Karanga. Wakasimama watatu mle ndani, wakaziangalia kuta.

Kuta za nyumba ile ni za mbao nyembamba zenye nyufa, na mama yake Vashti, kama mama wengine wote wa mtaa huu, aliziziba kwa magazeti. Alichemsha uji wa unga wa ngano, akatia pilipili ili panya wasiule, akabandika magazeti toka sakafuni mpaka darini. Ndiyo iliyokuwa kinga ya baridi. Na ndiyo iliyokuwa shule, maana Vashti alijifunza kusoma kwenye kuta hizo kabla hajashika kitabu.

— Mkayafanya nini magazeti? nikauliza.

— Tulipaka rangi, akasema Karanga.

— Rangi gani?

— Ya siagi. Ilibaki tulipopaka ukumbi wa kanisa. Rangi nzuri ile, dogo, siyo ile ya bei ya chini.

— Mikono mingapi?

— Miwili, akasema Meja. Mkono wa kwanza magazeti yalikuwa bado yanaonekana.

Nilisoma historia miaka minne. Sikufundishwa sura ya kuvaa mtu anapokuambia neno kama hilo. Nikamgeukia Shemasi, nikamwambia mzee, mmemaliza, kesho mkaguzi anaingia anakuta ukuta wa jana. Mmelibebea tingatinga mafuta. Nilisema na mengine ambayo mama yangu asingependa kuyaona yameandikwa.

Shemasi aliniacha nimalize. Halafu akasema taratibu, bila kuniangalia:

— We umezaliwa kwenye nyumba yenye ukuta, Digrii. Mimi nimekulia kwenye magazeti. Upepo ukivuma ukuta unapumua, unalala unausikia. Mama yangu siku ya kwanza kushika hela ya maana hakununua kiatu. Alinunua karatasi ya maua akafunika kile kitu, akakaa kitini akalia. Sasa anakuja mgeni wa serikali, mzungu pengine, nimwachie aione aibu ya mama zetu imening'inia hivihivi? Hapa kwetu mgeni hapokelewi hivyo.

Hilo liliniudhi zaidi. Maana hakuna mtu mwingine duniani angelikosea kosa hilo. Mtu asiyejali asingepaka kitu.

Bi Ozella alirudi Jumatano jioni. Watatu hawa walimsubiri barazani wamevaa mashati safi, kama wazee wa upande wa bwana harusi. Karanga ndiye aliyenisimulia. Alisema Bi Ozella aliingia mlango wa mbele, akapita chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu, akatokea mlango wa nyuma, akaenda zake nyumbani kwa uchochoro. Hakurudi kupita mbele yao.

— Angetutukana ningelala, akasema Karanga.

Na sasa, tangu alfajiri, alikuwa mle ndani peke yake. Tulimsikia akivuta kiti. Kikivutwa, kinanyamaza, kinavutwa tena. Mlango wenye X ulikuwa wazi.

Ungedhani watu watatu wenye mikono sita wangevuka barabara. Huujui mtaa wangu. Kijiwe kikizidiwa na aibu hutafuta nadharia, na nadharia ya asubuhi ile ilikuwa hii: kwa nini hasa kaunti inaitaka nyumba hiyo? Ukisikiliza ungedhani kaunti ndiyo iliyopaka rangi.

Karanga alianza kwa unyenyekevu. Ana mteja mmoja anayemkatia nyasi kamishna, na mteja huyo amesikia kwamba mgahawa wa kuku unataka maegesho. Meja akasema maegesho ni danganya toto. Meja anakumbuka vizuri, kule Huntsville wanakotengeneza maroketi, kuna mstari umechorwa ardhini kuja mpaka ghuba, na kitu chochote kilichosimama juu ya mstari huo lazima kitolewe, kimoja kimoja, kimyakimya, ili siku roketi likianguka lisianguke juu ya mtu mwenye wakili.

— Na gereji yangu je? akauliza Karanga.

— Gereji yako iko nje ya mstari.

— Kwa hatua ngapi?

— Za kutosha, akasema Meja, na nakushauri usipanue.

Shemasi naye akaona roketi haliwezi kuachwa lipite hivihivi. Akasema anachokijua ni kwamba Vashti Mabry, kwenye kitabu chake kile kinene, alimtaja babu wa mwenyekiti wa makamishna, yule aliyekuwa na jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, akaandika jinsi alivyochezea mizani ya pamba ya watu. Jina alibadilisha, mguu mbovu hakuubadilisha. Mjukuu anajua. Anataka nyumba iondoke ili ushahidi uondoke.

Nikamuuliza ushahidi wa mguu uko wapi kwenye nyumba.

Akatazama kushoto na kulia, akashusha sauti. Kaburi la mwenye jineri kule makaburi ya wazungu, alisema, wachimbaji wawili waliolibeba lile jeneza walisema ni jepesi mno. Na wiki hiyohiyo sakafu ya nyumba ile ilibadilishwa mbao mbili.

Meja akauliza kama mzoga wa mwenye jineri unaweza kuvuta roketi. Karanga akasema kama una chuma, mbona mguu wake mbovu ulikuwa na chuma. Wakafikia mahali wakaelewana kabisa, mstari wa Huntsville, mguu wa chuma, mbao mbili, vyote vikaingiana kama mashine. Ilikuwa nadharia nzuri. Ilikuwa na kila kitu ndani yake isipokuwa ndoo ya rangi ya siagi.

Hapo ndipo Bi Ozella alipotoka.

Mtu ambaye sijawahi kumwona bila kofia, alikuwa amefunga kitambaa kichwani na kuvaa ovaroli la marehemu mumewe, miguu ya nguo imekunjwa mara tatu. Mikononi alivaa glavu zake nyeupe za klabu, na zilikuwa zimegandwa na vipande vya rangi ya siagi mpaka kwenye vifundo. Alivuka barabara bila kuangalia gari. Gari likamsubiri.

Benchi zima likakaa wima.

— Rufus, akasema. Hilo birika lina kahawa?

— Limejaa, Bi Ozella, akasema Shemasi, na sauti yake ilipanda kwa matumaini. Nikumiminie?

Hakumjibu. Alichomoa waya wa umeme, akainama, akafungua koki. Kahawa ikaanza kumwagika kwenye kokoto, ikapita chini ya benchi, katikati ya viatu vyetu, na hakuna aliyethubutu kuinua mguu. Alisimama akaisubiri iishe yote. Ilikuwa kahawa nyingi. Ilipobaki tone tone, akazungusha waya mkononi, akalibana birika kwapani kama anavyobeba mtu kuku wa kununua.

— Nahitaji mvuke, akasema. Sufuria yangu ndogo.

Akavuka barabara akarudi ndani. Mimi nilikuwa nimeinuka nusu. Niseme tu kwamba nilikaa.

Sasa, kijiwe bila kahawa si kijiwe, ni watu wanne wasio na kazi wamekaa barabarani. Tulikuwa tunalitafakari jambo hilo lilipoingia gari dogo la kijivu linachechemea, tairi la nyuma limelala kabisa. Akashuka dada mmoja amevaa sare za unesi, alikuwa anatoka Mobile anakwenda Tuscaloosa kazini. Karanga alifurahi kumpata mtu wa kumpigia jeki. Dada akaketi mwisho wa benchi, akauliza kama kuna kahawa. Meja akamwambia imeisha, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

Kumfariji, wakampa nadharia. Zote. Alisikiliza mstari wa Huntsville kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea wagonjwa. Lakini macho yake hayakuwa kwa Meja. Yalikuwa ng'ambo, kwenye ule mlango ulio wazi, ambako Bi Ozella alionekana amesimama juu ya kiti, mkono juu, anakandamiza taulo ukutani.

— Yule bibi anafanya nini kule juu? akauliza.

Shemasi akasafisha koo. Jambo hilo analipenda, na analisimulia vizuri. Akamwambia hiyo ndiyo nyumba ya Vashti Mabry, yule wa kwenye tangi. Na huyo ni Bi Ozella wa klabu, mwanamke mwenye chuma mgongoni. Na kesho mkaguzi anakuja, na Jumanne makamishna wanapiga kura. Akamweleza jinsi watu wa Loomis Ford wanavyoipenda nyumba hiyo. Tena sana. Hakuna mtu hapa, alisema, asiyeitaka ibaki.

— Kwa hiyo mji mzima uko nyuma yake, akasema dada.

— Mji mzima.

Dada akatazama tena ng'ambo, halafu akatutazama sisi, mmoja mmoja, bila ubaya wowote.

— Sasa mbona yuko peke yake?

Karanga aliendelea kukaza nati iliyokwisha kukazwa. Meja alitazama duara lililoachwa na birika. Mimi, mwenye digrii ya kueleza kwa nini mambo hutokea, nilianza kupangusa vumbi la njano kwenye benchi. Dada alimlipa Karanga, akasema asanteni jamani, akaondoka zake, na vumbi la njano likapanda, likashuka.

Shemasi aliinuka kwanza. Akavuka. Tukamfuata kwa foleni, kama watoto wa darasa la pili.

Ndani kulikuwa na joto kama jikoni. Birika lilikuwa linachemka katikati ya sakafu, waya wake umevutwa dirishani toka kwa jirani, mataulo yamelowa, na Bi Ozella hakutugeukia. Karanga alikuwa amechomoa mfukoni kisu chake bapa cha kukwangulia.

— Weka hicho, Clyde, akasema, bado ametupa mgongo. Ukikwangua unatoboa. Njoo shika hapa.

Akatuonyesha. Taulo la moto unalilaza ukutani, unahesabu polepole mpaka uji wa zamani ulainike. Halafu unaanza kwenye kona ya chini, kwa kucha, siyo kisu. Rangi imeganda juu ya gazeti ikawa ngumu kama ngozi, kwa hiyo gazeti halichaniki, linashuka zima na rangi yake mgongoni. Chumba kikanuka pilipili ya karne iliyopita. Meja akapiga chafya. Na chini ya gazeti lililoshuka, hakukuwa na mbao.

Kulikuwa na gazeti jingine. Kavu, la kahawia, herufi zake zimesimama kama zilivyochapwa. Lakini zimesimama miguu juu.

— Limegeuzwa, akasema Karanga.

— Mama yake alikuwa hajui kusoma, akasema Bi Ozella. Kila Krismasi alibandika tabaka jipya juu ya la mwaka wa nyuma, na kila mwaka alibandika jinsi karatasi ilivyomjia mkononi. Nusu ya nyumba hii imepinduliwa. Vashti alikuwa analala kitandani anashusha kichwa chini, ndivyo alivyokuwa anasoma. Mlidhani ukuta ni mmoja. Ziko Krismasi zote humu.

Shemasi alikaa chini sakafuni. Nilidhani ameugua. Alikuwa anacheka, au kitu cha karibu na kucheka, na anafuta uso kwa taulo la moto.

Tulifanya kazi mpaka mchana ukaisha. Meja, niseme ukweli, ana mikono mizuri; kumenya viazi vya jeshi zima kumemfunza kitu. Tulimaliza chumba cha mbele na cha nyuma, tukaingia cha kati. Ukuta wa mwisho ulikuwa ule wa kitanda, na hapo Bi Ozella akashuka kwenye kiti, akasimama mbele yake. Ulikuwa wa siagi mtupu, kama zilivyokuwa nyingine.

— Huu ni wangu, akasema.

Akasema alikuwa mtoto mdogo wa nyumba ya pili, na Vashti, binti mkubwa tayari, ndiye aliyekuwa akimtunza wakati mama yake Ozella anapokwenda kufua. Akina Mabry waliondoka kwenda Detroit mwezi wa pili, kwa hiyo tabaka la juu kabisa lilikuwa la Krismasi yao ya mwisho hapa. Vashti alimlaza kitandani, akamshusha kichwa, akamwekea kidole kwenye neno lililopinduka. Pamba. Lilikuwa hapo, alisema, akagusa rangi. Bei ya pamba. Ndilo neno lake la kwanza. Na tangu alipoanza kuitunza nyumba, kila alipomaliza kufagia ua, aliingia akalisoma kabla ya kufunga mlango.

Hapo nikaelewa kwa nini Jumatano alitokea mlango wa nyuma.

— Huu tuuache, Bi Ozella, akasema Shemasi. Nakuomba. Kuta nyingine zinatosha.

— Ukiuacha, mkaguzi ataona rangi ya kanisa.

— Tutamweleza.

— Rufus. Haji kuangalia nilikozaliwa mimi. Akavuta glavu zake zikakaa sawa. Leta taulo.

Alilivua mwenyewe. Lilishuka zima, Krismasi kadhaa za nyuma zimegandamana nalo, refu kama shuka, na halikuchanika. Hakuligeuza kutazama kama neno linaonekana kwa nyuma. Alilikunja mara moja, akaliweka kwenye kizingiti cha dirisha, akarudi kwenye ukuta, na ukuta ule wa chini yake ulikuwa umejaa maandishi toka sakafuni mpaka darini, na pembezoni, kwa penseli, kwa urefu wa mtoto anayening'inia kichwa chini, mtu alikuwa ameigiza herufi. A tatu. V nyingi. V, V, V, jina lilivyoanza kabla halijajua linakwenda wapi.

Bi Ozella aliinama polepole, akageuza shingo, akazisoma.

— Haya, akasema. Sasa fagieni.

Ijumaa mkaguzi alikuja, kijana mrefu, viatu vya njano kwa vumbi. Tuliambiwa tukae mbali, tukakaa benchini. Mlango ulikuwa wazi, na kwa muda mrefu tulichokiona ni ofisa wa serikali ameinama, mikono kwenye magoti, kichwa kimepinduliwa chini, anasoma. Karanga alisema hajawahi kumwona mzungu akifanya adabu vile. Alipotoka alimwambia Bi Ozella, tukisikia wote, kwamba amekagua nyumba nyingi na hajakutana na ukuta wa namna hiyo. Kwamba ndani ni ya zama za Mabry bila shaka yoyote, na ameandika hivyo. Upande wake umekwisha. Imebaki saini ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba ni kaunti.

Bi Ozella alimpa sahani ya kambale. Jumamosi alifungua mkutano wa klabu, akasoma majina. Shemasi alilirudisha birika kanisani, tunakunywa kahawa ya dukani, mbaya, na anayelalamika hajibiwi.

Leo ni Jumatatu. Leo mchana nimepita kwenye jengo la kaunti, na ajenda ya kesho imebandikwa mlangoni. Nimeisoma mara mbili, nikaisoma na ya tatu nimeinamisha kichwa, labda nimekosea upande. Mtaa wa Jineri, kubomoa. Ripoti ya mkaguzi haimo. Ahadi ya mwenyekiti haimo. Wamebaki na X yao.

Basi makamishna wa kaunti, nyinyi watano, nawasemesha nyinyi sasa. Kesho hatuji na nadharia. Tunakuja sisi wa benchi, na benchi lenyewe tumelifunga juu ya gari la Karanga, tutaliweka katikati ya ukumbi wenu na Bi Ozella atakaa juu yake na kofia yake. Hatumwachi peke yake tena. Mlisema mkaguzi akithibitisha mtatia saini. Amethibitisha. Tieni saini kesho, mbele yake, kisha mje na kitambaa na mafuta ya taa mkaifute ile X mlangoni kwa mikono yenu. Na kama hamtaki, chukueni ile ngazi mliyopandia siku ya kupiga picha kwenye tangi la maji, mpande mchana kweupe sote tukiwaona, mlifute jina la Vashti Mabry herufi moja moja. Mkianza, anzeni na V.